Tusimsingizie Mungu



Kuna kauli moja inayosikika sana siku hizi katika jumuiya zetu, misibani, kwenye mikutano ya vijiji na hata nje ya kanisa baada ya Misa. Mvua za vuli zikikosa kunyesha, utaisikia. Mto ukifurika na kuchukua nyumba za watu, utaisikia tena. Kauli yenyewe ni hii: dunia imekuwa ikibadilika tangu zamani, na hiyo ni mipango ya Mungu.

Anayeitamka kwa kawaida ni mtu wa sala. Anataka kumpa Mungu heshima yake, na pengine anataka kumfariji jirani aliyepoteza shamba au mtoto. Simlaumu. Lakini kauli hiyo ina nusu mbili, na leo naomba tuzipepete kama mama anavyopepeta mchele kwenye ungo. Nusu ya kwanza ni kweli, tena ni kweli kuliko wengi wetu tunavyodhani. Nusu ya pili, inapotumika kwa haya yanayotokea katika kizazi chetu, ni kumsingizia Mungu.

Tuanze na nusu iliyo kweli.

Hewa unayoivuta wakati huu unaposoma gazeti haikuwepo tangu mwanzo. Wataalamu wanaosoma miamba wanatuambia dunia ina umri wa takriban miaka bilioni 4.5, na kwa karibu nusu ya umri huo anga lake halikuwa na oksijeni ya kumwezesha kiumbe kama wewe na mimi kuishi. Oksijeni ilitolewa na viumbe vidogo sana vya majini, visivyoonekana kwa macho, ambavyo vilitumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula. Ilianza kukusanyika angani takriban miaka bilioni 2.4 iliyopita. Kwa hiyo kila pumzi yetu ni urithi wa kazi ya viumbe tusivyovijua hata kwa majina.

Njoo sasa karibu na nyumbani, mkoani Lindi. Huko kuna kilima kiitwacho Tendaguru, katika nchi ambayo leo watu wanalima korosho na ufuta. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani waliokuwa wakitawala, wakitumia mamia ya wafanyakazi wenyeji, walichimba hapo mifupa ya wanyama wakubwa ajabu, wale tunaowaita dainosaria. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilibebwa na wapagazi, kwa miguu, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, zikapakiwa melini. Mmoja wa wanyama hao amesimamishwa hadi leo katika jumba la makumbusho mjini Berlin, na kichwa chake kiko zaidi ya mita 13 kutoka sakafuni, sawa na jengo la ghorofa nne. Aliishi takriban miaka milioni 150 iliyopita. Pamoja na mifupa hiyo yalipatikana makombe ya viumbe vya baharini, maana wakati huo hapo palikuwa pwani, penye maji ya chumvi yanayojaa na kupwa. Bahari iliondoka. Mnyama yule aliondoka. Mikorosho ikaja baadaye sana.

Baadhi ya waamini wakisikia habari hizi wanaingiwa na hofu, wakidhani zinapingana na kitabu cha Mwanzo. Ndugu zangu, msiogope. Mmoja wa watu wa kwanza kufundisha jinsi ya kusoma umri wa tabaka za miamba, kwamba tabaka la chini ni la zamani kuliko la juu, alikuwa Niels Stensen, mwana wa Denmark. Aliandika kazi yake hiyo mwaka 1669 akiwa Italia, baada ya kutambua kwamba mawe fulani yaliyookotwa milimani yalikuwa kweli meno ya papa wa kale. Mtu huyu alipewa upadre mwaka 1675 na uaskofu mwaka 1677, na mwaka 1988 Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mwenyeheri. Naye Mtakatifu Augustino, zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Stensen, alikuwa amekwisha kuwaonya Wakristo wasiseme upuuzi kuhusu mambo ya nyota na wanyama huku wakidai wametoa katika Maandiko, wasije wakaifanya imani ichekwe na wanaoyafahamu mambo hayo. Mtume Petro anatukumbusha kwamba miaka elfu mbele za Bwana ni kama siku moja. Mungu wetu hana haraka.

Mfano wa tatu ni Ziwa Victoria, na naomba uushike vizuri kwa sababu nitaurudia. Ziwa hili, la pili kwa ukubwa duniani kati ya maziwa ya maji baridi, lilikauka. Kati ya miaka 17,000 na 15,000 hivi iliyopita, dunia ilipokuwa katika baridi kali na barafu imefunika sehemu kubwa ya nchi za kaskazini, mvua katika eneo letu ilipungua mno. Ziwa hili si la kina kirefu, na sehemu kubwa ya maji yake hutokana na mvua inayolinyeshea moja kwa moja. Watafiti waliotoboa tope la chini ya ziwa walikuta, chini ya tope hilo, udongo wa nchi kavu. Pale wavuvi wa Mwanza, Musoma, Kisumu na Jinja wanapotupa nyavu, wakati fulani palikuwa mahali pa kutembea kwa miguu.

Baadaye mvua zikarudi na ziwa likajaa. Kutokana na samaki wachache waliosalia katika mito na mabwawa, zikatokea aina zaidi ya 500 za samaki wadogo ambao watu wa Kanda ya Ziwa huwaita furu: wengine wa rangi nyekundu, wengine bluu, wengine wakila konokono, wengine majani, wengine wadudu, kila mmoja na mahali pake. Wanabiolojia wa dunia nzima wanalitaja ziwa letu kama mojawapo ya maajabu ya uumbaji. Nikisoma Zaburi ya 104, pale mzaburi anaposhangilia wingi wa viumbe vya baharini na Roho anayeufanya upya uso wa nchi, nawakumbuka furu.

Umeona basi kwamba nusu ya kwanza ya kauli ile ni kweli. Dunia imebadilika. Hali ya hewa imebadilika, anga limebadilika, wanyama wamekuja na kuondoka. Anayesema hivyo yuko sahihi.

Lakini subiri kidogo kabla hujajifariji kwa ukweli huo. Historia hiyo hiyo ina somo la pili ambalo wanaoisema kauli ile hawalitaji. Mabadiliko yanapokuja polepole, viumbe hupata nafasi ya kuhama, kuzoea na kuzaa wanaoweza kuishi katika hali mpya. Yanapokuja kwa kasi, wengi hufa. Dainosaria walitawala nchi kavu kwa zaidi ya miaka milioni 100. Kisha, miaka milioni 66 iliyopita, jiwe kutoka angani lenye upana wa kilomita kama 10 lilianguka pale ambapo leo ni Mexico. Vumbi na moshi vikaziba jua, mimea ikafa, na dainosaria wote wakatoweka, isipokuwa jamii iliyokuja kuwa ndege tunaowaona leo. Wahenga wetu walisema haraka haraka haina baraka, na miamba inakubaliana nao.

Kwa hiyo anayeniambia kwamba dunia imebadilika tangu zamani ninamwuliza maswali mawili: imebadilika kwa kasi gani, na kwa mkono wa nani?

Tuyapeleke maswali hayo kwanza ziwani. Furu walichukua takriban miaka 15,000 kuongezeka hadi kufikia aina zile mia tano. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 watu walileta ziwani samaki mgeni, sangara, kwa nia ya kuongeza mavuno ya uvuvi. Miaka ya 1980 sangara wakaongezeka kupita kiasi, na katika muda usiozidi miaka kumi na mitano hivi karibu aina 200 za furu hazikuonekana tena. Uchafu na mbolea zinazotiririka kutoka nchi kavu viliongeza madhara, kwa kuwa maji yaliyochafuka hupungukiwa oksijeni, na furu, ambao hutambuana kwa rangi, hawaonani vizuri.

Ninajua faida ya sangara. Kuna watoto waliosomeshwa kwa fedha za viwanda vya minofu, na makanisa yaliyojengwa kwa sadaka za wavuvi. Walioleta samaki yule hawakukusudia uovu. Hata hivyo jambo moja lilileta jingine: furu mdogo alianikwa juani akakauka, lakini sangara ana mafuta mengi, hivyo akahitaji kukaangwa au kubanikwa kwa moshi, na kuni zikatafutwa. Mabadiliko yaliyoanzia majini yakapanda hadi msituni. Mtu akisema kwamba kupotea kwa furu ni mipango ya Mungu, nitamwomba anionyeshe ni wapi Mungu alipoleta ndoo ya sangara.

Sasa tuyapeleke maswali yale yale angani. Mwaka 1958 mwanasayansi wa Marekani, Charles David Keeling, alianza kupima hewa ya ukaa, yaani kabonidayoksaidi, juu ya mlima Mauna Loa huko Hawaii, mbali na miji na viwanda. Alikuta takriban sehemu 315 katika kila sehemu milioni moja za hewa. Kazi hiyo imeendelea hadi leo, na mwaka 2024 wastani ulipita 420. Ili kujua kama hilo ni jambo la kawaida, wataalamu wamechimba barafu ya bara la Antaktika, ambayo ndani yake kuna mapovu ya hewa ya kale yaliyofungiwa humo. Barafu hiyo inaonyesha kwamba katika miaka 800,000 kabla ya viwanda kuanza, hewa ya ukaa ilipanda na kushuka mara nyingi, lakini haikuvuka 300.

Dunia ilipotoka katika ile baridi iliyokausha Ziwa Victoria, hewa ya ukaa ilipanda kwa sehemu kama 80, na kupanda huko kulichukua maelfu ya miaka. Sisi tumeipandisha kwa zaidi ya sehemu 100 katika muda usiofika miaka 70. Ni ndani ya maisha ya babu mmoja tu.

Na mkono ni wa nani? Makaa ya mawe na mafuta ya petroli ni mabaki ya viumbe waliokufa mamilioni ya miaka iliyopita, na kaboni yake ina alama inayoitofautisha na kaboni ya viumbe hai wa leo. Wataalamu wakipima hewa wanaiona kaboni hiyo ya kale ikiongezeka. Je, si jua limezidi ukali? Jua limepimwa kwa setilaiti tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 na halijaongeza nguvu. Zaidi ya hayo, hewa ya chini inapata joto wakati hewa ya juu kabisa inapoa. Joto lingekuwa limetoka juani, hewa ya juu nayo ingepata joto. Yanayotokea ni kama mtu aliyejifunika blanketi: chini ya blanketi joto linaongezeka, na nje linapungua.

Sisemi kwamba kila jambo lina sababu moja. Barafu ya Kilimanjaro, kwa mfano, ilifunika takriban kilomita za mraba 12 mwaka 1912, na kufikia mwaka 2011 zilibaki pungufu ya 2. Wataalamu wanaeleza kwamba kupungua huko kulianza na ukavu wa hewa uliojitokeza mwishoni mwa karne ya 19, na si joto peke yake. Nalisema wazi kwa sababu ukweli hauhitaji kutiwa chumvi. Lakini ukame uliowapata ndugu zetu wa Kenya, Somalia na Ethiopia kuanzia mwishoni mwa 2020, misimu mitano ya mvua mfululizo ikikosekana, ulichunguzwa na watafiti, nao walihitimisha mwaka 2023 kwamba usingefikia ukali ule bila joto lililoongezwa na binadamu. Katika ukame huo mifugo ilikufa kwa mamilioni, na huko Kenya tembo zaidi ya 200 walikufa mwaka 2022 pekee. Mfugaji aliyebaki na fimbo bila ng'ombe hakufikwa na mabadiliko ya kawaida ya dunia.

Hapo ndipo nusu ya pili ya kauli ile inapoanguka, na hapo ndipo ninapozungumza nawe kama padre.

Katekisimu inatufundisha kwamba Amri ya Pili inakataza kulitaja bure jina la Mungu, na Amri ya Nane inakataza kumshuhudia jirani uongo. Nadhani tunapoyaita mipango ya Mungu mambo yaliyofanywa na mikono ya watu, tunazigusa amri zote mbili kwa mara moja, maana tunalitumia jina lake kufunika kosa, na tunamshuhudia uongo Yeye asiyeweza kuja barazani kwetu kujitetea. Mtu akichoma msitu wa jirani kisha akasema moto ulitoka mbinguni, sote tutajua jina la kumwita.

Wengine hunijibu kwa Mwanzo 8:22, kwamba Mungu alimwahidi Nuhu kuwa majira ya kupanda na kuvuna hayatakoma. Naiamini ahadi hiyo. Lakini fikiria baba anayewajengea wanawe nyumba na kuwaahidi kwamba hataibomoa. Je, ameahidi pia kwamba wakiichoma wenyewe haitaungua? Tena endelea kusoma sura inayofuata, ya 9. Mungu anafanya agano na Nuhu na uzao wake, na pia na kila kiumbe hai kilichotoka safinani: ndege, mifugo na wanyama wa mwituni. Anarudia jambo hilo zaidi ya mara moja, kana kwamba alijua tutalisahau. Viumbe hao si mali yetu ya kuchezea. Ni washirika wa agano ambalo sisi tumo ndani yake.

Soma pia Luka 12:54-56. Bwana wetu anawaambia umati kwamba wanajua kusoma wingu linalotoka magharibi na upepo wa kusini, lakini hawajui kuutambua wakati walio nao. Hakuwakemea kwa kuisoma hali ya hewa. Aliwakemea kwa sababu waliishia hapo. Nasi tunazo ishara za mawingu, na zimepimwa kuliko wakati wowote. Tukizitazama tusione neno lolote kwa ajili ya dhamiri zetu, lawama ile ni yetu pia.

Marehemu Papa Fransisko aliijua kauli hii ninayoizungumzia. Mwaka 2015 alituandikia waraka wa Laudato si' juu ya utunzaji wa nyumba yetu ya pamoja, na tarehe 4 Oktoba 2023 akaandika tena, katika Laudate Deum. Huko anawajibu waziwazi wanaosema kwamba dunia siku zote ina vipindi vya joto na baridi: wanasahau kutaja kasi isiyo ya kawaida ya mabadiliko ya sasa, ambayo kizazi kimoja tu kinatosha kuyaona.

Najua kuna jibu jingine ambalo baadhi yenu mnalo mdomoni: haya ni ya wenye viwanda, si yetu. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Bara zima la Afrika linatoa chini ya asilimia 5 ya hewa ya ukaa inayotokana na mafuta na makaa ya mawe duniani. Kuna deni hapa, na aliyekopa zaidi alipe zaidi. Zakayo alipoongoka hakuishia kusikitika. Aliahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Mataifa tajiri yanapaswa kusikia somo la Zakayo, na viongozi wetu wanapokwenda kwenye mikutano ya kimataifa kudai haki hiyo wanastahili sala zetu na sauti zetu.

Lakini deni la jirani halifuti la kwangu. Si Mzungu anayelima hadi kwenye kingo za chemchemi kijijini kwako. Sheria yetu ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Wangapi kati yetu tunaopokea Komunyo Takatifu tuna bustani ndani ya mita hizo? Wangapi tunafyeka msitu wa mlimani kwa ajili ya mkaa, kisha msimu wa mvua ukifika tunamwuliza Mungu mbona mlima umeporomoka?

Basi tufanye nini? Nina mapendekezo machache ambayo jumuiya ndogo ndogo yoyote inaweza kuanza nayo wiki hii.

La kwanza ni la ulimi. Misibani, mbele ya familia iliyochukuliwa na mafuriko, tuache kusema kwamba Mungu amepanga. Yesu alipofika kwenye kaburi la Lazaro alilia. Tulie na wafiwa, tuwapelekee unga na blanketi, na tukae kimya pale tusipojua la kusema. Mwana aliyefiwa na mama yake hahitaji kuambiwa kwamba Baba wa mbinguni ndiye aliyetuma maji.

La pili ni la dhamiri. Tunapojiandaa kwa Kitubio tunajiuliza kuhusu wizi, uzinzi, uongo na chuki. Tujiulize pia: nimefanya nini na maji, udongo, miti na wanyama? Jiwe lililowaua dainosaria halikuwa na dhamiri, wala hakuna padre anayeweza kuliungamisha. Sisi tunayo dhamiri, na hiyo ndiyo tofauti yetu na jiwe. Aliye na dhamiri anaweza kutubu, na toba huambatana na malipizi. Aliyelima kwenye chanzo cha maji arudi nyuma mita 60 na apande miti ya asili inayotunza maji.

La tatu ni la sala. Tunafanya vizuri kuadhimisha Misa ya kuomba mvua, na nitaendelea kuiadhimisha. Ila kila kigango kinachoomba mvua kitaje pia, siku hiyo hiyo, chemchemi moja au korongo moja ambalo waamini wake watalitunza kwa mwaka mzima, na mwaka ukiisha wakaguane. Sala ya namna hiyo haimwachii Mungu kazi aliyotukabidhi sisi katika Mwanzo 2:15, ya kuilima bustani na kuitunza.

Na msikate tamaa, maana mkono ulioharibu unaweza pia kujizuia. Miaka ya 1980 iligundulika kwamba gesi zilizotumika katika majokofu na makopo ya kupulizia zilikuwa zikila tabaka la ozoni, lile linalotukinga na mionzi mikali ya jua. Mwaka 1987 mataifa yalikutana Montreal, Kanada, yakakubaliana kuziacha hatua kwa hatua, na hatimaye nchi zote za dunia zikaridhia. Leo tabaka hilo linapona. Watu waliambiwa ukweli, wakaukubali, wakabadili mwenendo. Katika lugha yetu ya Kanisa hayo huitwa toba, hata kama wengi waliotia saini hawakulifikiria neno hilo.

Ziwani pia kuna habari ya namna hiyo. Sangara walipovuliwa sana na idadi yao ikapungua, baadhi ya furu waliodhaniwa kuwa wamepotea walianza kuonekana tena. Hawakurudi wote. Aina nyingi zimekwenda na hazitarudi hadi mwisho wa dunia, maana maji yakimwagika hayazoleki. Lakini wale waliorudi wananitosha kuamini kwamba Roho anayeufanya upya uso wa nchi hajachoka nasi. Tusimzuie, wala tusimtwike makosa yetu.